Jinsi ya kuomba hela ya serikali ya mafunzo ya ujuzi mkiwa kundi: chuo, waajiri na wengineo

Wakuu, swali la hela za serikali za kufundisha wafanyakazi linarudi kila mara na wengi wanauliza kitu kimoja tu, fomu inajazwaje. Fomu ndo kitu chepesi kuliko vyote. Hizi hela za miradi ya pamoja, yaani chuo kimeungana na waajiri kadhaa, labda na chama cha wafanyakazi au chama cha wenye viwanda, watu wanazikosa kabla hata andiko halijaanza kuandikwa, kwa sababu hawajakaa chini wakakubaliana nani anatoa nini, nani anashika hela na mkaguzi akikataa risiti nani anarudisha. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye ushirika na bajeti, mambo ya kujaza fomu nitapita juu juu.

Kwanza jueni hela inatoka wapi

Hili linaonekana la kitabuni lakini linabadilisha kila kitu. Nchi nyingi hii hela haichotwi tu kwenye bajeti ya kawaida, inakatwa kwa waajiri kama tozo kwenye mishahara. Brazil wanafanya hivyo tangu 1942 walipoanzisha SENAI, shirika la kufundisha wafanyakazi wa viwandani. Afrika Kusini mwajiri ambaye mishahara yake inazidi randi 500,000 kwa mwaka analipa 1%. Uingereza tangu Aprili 2017 mwajiri ambaye mishahara yake inapita pauni milioni 3 kwa mwaka anakatwa 0.5% kwa ajili ya uanagenzi. Tanzania ile SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, iliwahi kuwa 6%, ikashuka shuka mpaka 3.5% mwaka 2023, na hizi tozo hubadilika kwenye Sheria ya Fedha kila Julai kwa hiyo angalieni ya mwaka wenu. Kenya ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, inaenda NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani.

Sasa kwa nini mjue haya? Kwa sababu kama mfuko unatokana na tozo, swali la kwanza kwa mwajiri mnayemkaribisha ni tozo yake imelipwa? Mwajiri mmoja tu mwenye deni anaweza kuwakwamisha wote, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui, mhasibu ndo anajua. Ombeni uthibitisho wa malipo mapema, kabla hamjaandika jina lake popote. Alafu kuna hela ambayo mwajiri anaweza kuidai peke yake na kuna ile ya kugombania. Afrika Kusini ni mfano mzuri, mwajiri akipeleka mpango wake wa mafunzo na ripoti kwenye SETA yake, yaani mamlaka ya mafunzo ya sekta yake, kabla ya 30 Aprili anarudishiwa 20% ya tozo aliyolipa, ila fungu kubwa zaidi, 49.5%, ni la hiari ya SETA na miradi ya pamoja inagombania humo. Ukichanganya hayo mafungu mawili kwenye andiko moja unaonekana hujasoma.

Mifuko mingine inatokana na bajeti au mkopo wa Benki ya Dunia, hiyo huja na sekta zake kabisa. Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi wa Tanzania uliokuwa chini ya TEA (Mamlaka ya Elimu Tanzania) ulilenga sekta sita: kilimo, utalii, usafirishaji, ujenzi, TEHAMA na nishati. Kama kazi yenu haimo kwenye orodha msijikunje ili muingie, eti ushonaji mnauita utalii kwa sababu watalii wananunua nguo. Wanaosoma maandiko wameyaona hayo miaka mingi.

Tatizo ni ujuzi kweli?

Waajiri wote duniani wanasema vijana hawana ujuzi. Hiyo sentensi haina thamani kwenye andiko. Wekeni waajiri mezani muwaulize kazi ipi hasa, mashine ipi, nafasi ngapi zipo wazi leo, zimekaa wazi muda gani, bidhaa ngapi zinarudiwa kwa sababu ya makosa, mashine ikiharibika mnasubiri fundi kutoka wapi na kwa siku ngapi. Hapo utaanza kupata vitu vya kuandika.

Na muwe wakweli na nafsi zenu, kuna wakati shida sio ujuzi, ni mshahara. Wafanyakazi wanaondoka kwa sababu jirani analipa zaidi, sasa ukiwafundisha na kuwapa cheti umewapa nauli ya kuondokea. Kama hali ndo hiyo mwajiri aseme kwenye andiko atapandisha ngazi gani ya mshahara kwa atakayefaulu, akikataa kusema basi kuwa na mashaka naye. Mimi huyo simuweki kwenye kundi.

Nani aingie, nani aongoze

Kwanini serikali zinapenda miradi ya pamoja? Kwa sababu mwajiri mmoja akifundisha kwa gharama zake mwenzake anakuja kumnyakua fundi aliyeiva bila kutoa hata senti, matokeo yake wote wanaogopa kufundisha. Mkifundisha pamoja hofu inapungua. Ireland wamejenga mfumo mzima juu ya wazo hilo, Skillnet, tangu 1999, kampuni za sekta moja au eneo moja zinaunda mtandao, zinaamua zenyewe zinataka kufundishwa nini, serikali inachangia sehemu na kampuni zinachangia sehemu. Kwa hiyo washindani kukaa meza moja kwenye andiko ni pointi ya nguvu, msiifiche. Mnachohitaji ni kukubaliana tu mapema yapi yanafundishwa pamoja, mfano usalama kazini, kusoma michoro, umeme wa mashine, na yapi kila mtu anafundisha kwake kwa sababu ni siri ya biashara.

Mwombaji kiongozi achaguliwe kwa uwezo wa kubeba hela, sio kwa ukubwa wa jina. Mifuko mingi inalipa kwa kurudisha, mnatumia kwanza alafu mnadai, au inatoa advansi kidogo na iliyobaki kwa awamu baada ya ripoti. Jiulizeni nani anaweza kulipa walimu miezi minne bila kupata kitu huku hajatetereka. Nani ana hesabu zilizokaguliwa. Nani ana mhasibu ambaye hatahama katikati. Chuo cha umma mara nyingi kinapendwa na mfuko kwa sababu kipo kisheria na kina ithibati, lakini manunuzi yake yanaweza kwenda taratibu sana, na mradi wa miezi 12 unaweza kula miezi mitano ukisubiri mashine ya kulehemu. Kama ndivyo, chuo kiongoze ila vifaa vinunuliwe na mshirika mwingine, mradi masharti ya mfuko yanaruhusu.

Kampuni ndogo msiziache nje. Kwao gharama kubwa wala sio ada, ni kumtoa mtu kazini. Karakana yenye mafundi wanne ukimchukua mmoja wiki mbili umechukua robo ya kazi. Pangeni mafunzo asubuhi mapema, au siku moja kwa wiki, au mwalimu awafuate kazini. Hilo andikeni waziwazi kwenye ratiba kwa sababu msomaji wa andiko anajua kabisa kwamba kampuni ndogo hujiandikisha na hazitokei.

Barua za waajiri

Hapa ndo maandiko mengi yanaanguka na wenyewe hawajui. Barua inayosema "tunaunga mkono mradi huu muhimu kwa maendeleo ya vijana" haina kitu. Afadhali barua tatu zenye nambari kuliko kumi na tano za pongezi. Iandikwe kitu kama hiki:

"Kampuni yetu itatoa wafanyakazi 12 wa kitengo cha matengenezo, saa 6 kwa wiki kwa wiki 14, ndani ya muda wa kazi na kwa mshahara kamili. Tutatoa karakana yetu Jumamosi kwa mazoezi pamoja na msimamizi mmoja. Tutawahoji wahitimu 10 wa nje kwa nafasi 4 tunazotarajia kufungua ndani ya miezi sita baada ya mafunzo."

Imesainiwa na mtu mwenye mamlaka ya kutoa hela, sio afisa uhusiano. Na mwajiri asiahidi ajira ambazo hana, kuwahoji na kuajiri ni vitu viwili, mkiandika kuajiri mtakuja kuulizwa.

Hati ya makubaliano, mwiko kuiruka

Watu wanaiacha mpaka hela ikitoka. Hela ikishatoka kila mtu ni mjanja. Ikamilisheni hata kama ni rasimu, kabla ya kutuma andiko. Mambo ya kumaliza humo: mgawanyo wa hela na lini mshirika analipwa na kiongozi, vifaa vitakuwa vya nani mradi ukiisha na nani atavitengeneza, mtaala ni wa nani na mshirika anaweza kuutumia kibiashara au hapana, mshirika akijitoa katikati wanafunzi wake wanaenda wapi, taarifa za wafunzwa nani anazishika na kwa ridhaa gani. Alafu lile ambalo hakuna anayependa kuligusa, gharama ikikataliwa na mkaguzi nani anarudisha. Kawaida mfuko unamdai kiongozi, hauna habari na mshirika wako aliyepoteza risiti. Kwa hiyo andikeni kabisa kwamba aliyesababisha ndo anayelipa, na kiongozi ana haki ya kuzuia malipo yake mpaka nyaraka ziletwe. Kama kuna chama cha wafanyakazi muwashirikishe hapa hapa, wao wataulizia mafunzo ni lazima au hiari na aliyefeli atafanywaje, na ni haki yao kuuliza.

Andiko lenyewe

Tafuteni jedwali la alama kwenye tangazo kabla ya kuandika neno lolote. Kama uhitaji una alama 15 na utekelezaji una 30, kurasa zigawanywe hivyo hivyo. Wengi wanajaza kurasa sita za historia ya tatizo la ajira alafu mpango kazi unapewa nusu ukurasa.

Namba zenu zihesabiwe kurudi nyuma. Mnataka watu 45 wafaulu? Basi mnahitaji kama 60 waanze, tuseme 54 wamalize, kwa sababu wapo watakaougua, watakaopata kazi nyingine, watakaohama. Huo ni mfano, nyie tumieni viwango vya chuo chenu vya nyuma. Anayeandika 60 wanaanza na 60 wanaajiriwa hajawahi kufundisha watu wazima.

Tofautisheni pia kilichofanyika na kilichobadilika. Kufundisha watu 60 ni kilichofanyika. Bidhaa zinazorudiwa kupungua, mafundi kupanda daraja, nafasi zilizokaa wazi kujazwa, hayo ni mabadiliko, na kila badiliko liwe na kipimo cha siku ya kwanza, la sivyo mwishoni hamna cha kulinganisha nacho. Kipimo cha mwanzo kichukueni wakati mnaandaa barua za waajiri, wakati huo bado wana moyo wa kujibu.

Kuhusu cheti, hakikisheni kinatambulika na mamlaka ya ufundi ya nchi, au mafunzo yameunganishwa na utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi mwenye miaka 20 kazini hana haja ya kuanza A, anahitaji kupimwa, kufundishwa anachokosa, basi. Hii pia inapunguza gharama kwa kila mtu na wasomaji wa maandiko wanaipenda.

Bajeti

Karibu kila mfuko unataka mchangie. Kiwango kinategemea nchi na mara nyingi ukubwa wa kampuni. Marekani chini ya WIOA, sheria yao ya 2014 ya mafunzo na ajira, kwenye mafunzo ya wafanyakazi waliopo kazini tayari, mwajiri mwenye watu 50 au chini anachangia angalau 10%, wa 51 mpaka 100 angalau 25%, zaidi ya 100 angalau 50%. Umoja wa Ulaya kanuni za msaada wa mafunzo zinaanzia serikali kutoa hadi 50%, inaongezeka kwa kampuni za kati na ndogo lakini haivuki 70%. Kanada ule mpango wa Canada Job Grant serikali ilikuwa inabeba theluthi mbili na mwajiri theluthi moja. Kwa hiyo mkiwa na kampuni kubwa na ndogo kwenye kundi moja msiandike asilimia moja ya wote bila kusoma, hesabuni kwa kila mshirika.

Mchango sio lazima uwe taslimu, ila mchango usio wa fedha ndo unaokataliwa zaidi kwa sababu watu wanaukadiria kichwani. Mshahara wa mfanyakazi akiwa darasani unahesabika kwenye mifuko mingi, lakini hesabu iwe hivi: watu 20, saa 80 kila mmoja, gharama ya saa moja 4,000 kwa sarafu yenu, jumla 6,400,000, na nyuma yake kuna slipu za mshahara, karatasi za mahudhurio zenye saini na barua ya mwajiri. Ukumbi na mashine hesabuni kwa bei ambayo mngekodi sokoni na muweke ushahidi wa bei hiyo. Mwajiri anayeandika mashine yake yote ya mamilioni kama mchango wakati itatumika Jumamosi tu, hapo anachekesha.

Gharama za uendeshaji, yaani ovahedi, umeme, ofisi, mhasibu, angalieni kiwango kinachoruhusiwa. Kwa ruzuku za shirikisho za Marekani asiye na kiwango cha ovahedi alichokubaliana na serikali sasa anaruhusiwa hadi 15%, ilikuwa 10% kabla ya Oktoba 2024. Mifuko mingine inatoa kidogo zaidi na mingine haitoi kabisa, hiyo ya mwisho muifikirie mara mbili kwa sababu mradi wa washirika watano unakula muda wa mratibu balaa. Mratibu awekwe kwenye bajeti kama mtu anayelipwa. Mratibu wa kujitolea anapotea mwezi wa tatu.

Vitu vinavyosahaulika: nauli za wafunzwa, malezi ya watoto kwa kina mama wanaosoma jioni, vifaa vya kujikinga, ada za mitihani, bima ya walioko kwenye mafunzo kazini, ukaguzi wa mwisho wa hesabu. Vitu vinavyokataliwa karibu kila mahali: gharama mliyotumia kabla ya kusaini mkataba, VAT ambayo mnaweza kurudishiwa, faini, riba za mikopo, na hela ambayo tayari imelipwa na mfuko mwingine. Hilo la mwisho ni hatari, risiti moja isidaiwe sehemu mbili hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo kila risiti igongwe jina la mradi siku hiyo hiyo inapoingia.

Alafu tengenezeni jedwali la mtiririko wa hela mwezi kwa mwezi, hata kama halijaombwa. Mtaona wenyewe mwezi wa nne mmekauka, na hapo mtajua kama mnahitaji kuomba advansi au kupunguza kundi la kwanza.

Kutuma

Usajili kwenye mfumo wa serikali uanze mapema kuliko andiko lenyewe, kuna nchi unachukua wiki kadhaa na jina la kampuni likitofautiana herufi moja na cheti cha usajili unarudishwa. Tumeni siku mbili tatu kabla ya dedilaini. Majina ya mafaili yawe ya kueleweka sio "final final 3". Mtu mmoja asiyejua chochote kuhusu mradi alisome lote kabla, pale anapouliza "hii maana yake nini" parekebishwe.

Mkipata

Msianze kununua mpaka mkataba usainiwe na tarehe ya kuanza ifike. Fanyeni kikao cha kwanza na mhasibu wa kila mshirika, wahasibu hasa, wakurugenzi wasalimie tu waondoke, na muwaonyeshe fomu za mahudhurio, za saa za kazi na za madai. Manunuzi yafuate kanuni za mfuko hata kama kampuni binafsi imezoea kununua kwa simu, nukuu tatu za bei, sababu ya kumchagua muuzaji, hati ya kupokelea mali. Mkitaka kubadilisha kitu, mwalimu mkuu, idadi, fungu la bajeti, ombeni ruhusa kwa maandishi kabla. Mabadiliko yaliyoombwa mapema yana nafasi nzuri ya kukubaliwa, yaliyogunduliwa na mkaguzi yanawarudisha nyuma mpaka kwenye kurejesha hela.

Nyaraka zitunzwe. Marekani ni miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha, miradi mingi ya Umoja wa Ulaya ni miaka 5 baada ya malipo ya mwisho, kwenu someni mkataba. Nakala zikae kwa kiongozi na sehemu nyingine moja, sio kwenye kompyuta ya mratibu ambaye mkataba wake unaisha siku mradi unapoisha.

Mkikosa

Ombeni alama na maoni ya wasomaji kwa maandishi, mifuko mingi inatoa ukiomba. Msijibizane nao. Angalieni alama zilipotea wapi, kama ni kwenye uhitaji rudini kwa waajiri na maswali magumu zaidi, kama ni kwenye bajeti tafuteni mhasibu aliyewahi kusimamia ruzuku, kama ni ushirika basi kuna mtu kwenye kundi hakuwa na sababu ya kuwepo na nyie mnamjua. Hati ya makubaliano iacheni hai, badilisheni tarehe tu, na wakati mnasubiri tangazo lijalo fundisheni hata kundi dogo la watu kumi kwa hela zenu, somo moja fupi, mchukue mahudhurio na vipimo kama vile mradi upo, maana andiko la pili likiwa na matokeo ya kundi dogo lililokamilika linasomwa tofauti kabisa na lile la kwanza lililokuwa na ahadi tupu.